Ndimu Tatu na Nusu

Mtu akinitafuta hana haja ya kupiga simu. Nipo. Nyumba yetu ya mtaa wa Kasha, Bukavu, iko kwenye mteremko, na kiti changu kiko dirishani, mbele ya meza ninayotengenezea redio na simu za watu. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, husema siku moja kile kiti kitaota mizizi na itabidi animwagilie maji. Majirani huniachia funguo zao, wakwe huniachia magunia yao. Heshima yote niliyo nayo niliipata kwa kutokwenda popote, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kukaa nyumbani ni kazi ambayo hakuna mtu anayeweza kuishindwa.

Niliishindwa Jumapili moja, kati ya misa ya pili na chakula cha mchana.

Binti wa dada yangu alikuwa anamaliza masomo yake ya biolojia chuoni, hapa mjini. Asubuhi hiyo alifika moja kwa moja kutoka Luvungi, kule bondeni, viatu vimejaa tope, amekumbatia termosi kama mtoto aliyetoka kubatizwa. Ndani ya termosi kulikuwa na maji ya moto, ndani ya maji chupa ya kioo, na ndani ya chupa tope jepesi la rangi ya majivu. Alipolegeza kifuniko, sebule yote ikanuka yai lililooza.

“Usizibe pua, tonton,” aliniambia mimi mjomba wake. “Iko nanuka ju iko hai.”

“Nini iko hai?”

“Arkea.”

Mimi nilisoma seksheni ya biolojia na kemia, na diploma yangu niliipata kwa kuchechemea, lakini niliipata. Mwalimu wetu alituandikia ubaoni mimea, wanyama na bakteria, akafuta, akaenda zake. Arkea hakuwataja. Nilimwambia huyu binti kwamba hao lazima ni bakteria waliobadilishiwa jina ili vijana wapate kitu cha kusomea.

Alicheka, akageuza ndoo, akaikalia karibu na babula, jiko letu la makala, yaani mkaa, ambalo nyumbani kwetu huwaka tangu asubuhi kwa sababu mimi nipo. Akaanza kunisomesha.

Juu ya Luvungi, pembeni ya chemchemi ambayo watu huogea, kuna kidimbwi kidogo kinachotokota. Mvuke unatoka chini pamoja na kiberiti chake, na maji yake ni makali kama ndimu. Ng'ombe hawayanywi, na nyasi haioti ukingoni.

“Batu ya kule wanasema haina kintu ndani,” alisema. “Kumbe imejaa. Wewe nikikutia mule, tonton, saa moja tu uko supu. Wao wanazaa.”

“Wanaweza namna gani?”

“Seli yako imezungukwa na mafuta, safu mbili, migongo inagusana. Moto ikizidi, zinaachana. Yao ni safu moja. Kila uzi wa mafuta unatoka ndani mpaka inje, kama vile mutu alishona nguo kwa mara moja. Haiachani.”

“Na ule ukali?”

“Ule unabaki inje. Ndani yao ni karibu maji ya kawaida. Ukali ukiingia, wanausukuma inje, mchana na usiku, hawapumziki.”

“Wana kazi.”

“Njo maana sikukufananisha nao.”

Akaendelea. DNA yetu, alisema, ni nyuzi mbili zilizosokotana, na joto huzifumua. Hawa wana kimeng'enya kinachozisokota na kuzikaza zaidi, hata zisifumuke. Na zile mashine za ndani za kusoma DNA, zao zinafanana na za binadamu kuliko za bakteria. Hapo nikamwambia basi hao ni ndugu zetu, awakaribishe. Akasema ni ndugu wa mbali, lakini wa upande wa baba.

Halafu akaacha mzaha. Maabara ya chuo ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu, na umeme wa kwake ulikuwa haujarudi tangu Ijumaa. Yeye alitaka kujua arkea wanatengeneza protini zipi wakiwa kwenye joto lao lenyewe. Wakipoa wanabadilisha kila kitu. Kwa hiyo chupa isimame ndani ya sufuria ya maji juu ya babula, na kipimajoto kisishuke chini ya alama aliyoichora kwa rangi ya kucha. Aliniachia pia vikaratasi vya kupimia ukali. Nikichovya kimoja kigeuke chekundu, wekundu wa namna fulani, akanionyesha upande wa kiboksi chake.

“Memwari yangu iko hapa ndani,” alisema akigusa chupa kwa ukucha, yaani tasnifu yake ya kumalizia chuo. “Nilifikiria kwa nani nitaiacha. Nikasema, kuna mutu moja tu Bukavu mzima hatatoka nyumbani.”

Nilifurahi kuliko siku niliyopata diploma. Akaenda kwao kuoga na kulala. Mke wangu alikuwa misani, na kutoka hapo angepitia kwa dada yake. Nikabaki na sufuria.

Kwa saa mbili nilikuwa mlinzi bora katika Kivu nzima. Joto likishuka kidogo, naongeza makala. Likipanda, nafunga kimlango cha babula. Nilianza hata kuzungumza nao wale ndugu. Niliwaambia kwamba mimi nawaelewa, na mimi nikitolewa mahali pangu nafadhaika.

Ndipo akaja maman wa nyumba ya chini, mjane, ambaye kila Jumapili hukaanga mikate ya kuuza. Makala yake yalinyeshewa. Alikuwa na chepe ndogo mkononi.

“Papa, unisaidie moto.”

Kwetu mtu akija kuomba moto anapewa. Sijawahi kuona mtu akinyimwa makaa, hata na jirani aliyegombana naye asubuhi. Na mimi sikumpa tu, nilimchagulia. Nikamwekea makaa makubwa, yale mekundu ya katikati, ili ajue amefika kwa mtu. Nikajiambia nitaongeza makala akishaondoka.

Hakuondoka. Alisimama mlangoni na chepe yake inafuka moshi, akasema, “Ulisikia ya kwa mukubwa wa koro?”

Sikuwa nimesikia kitu cha huyo kiongozi wa kwaya. Mtu asiyetoka nyumbani anaishi kwa habari anazoletewa, na hii ilikuwa habari nono: harusi, posa mbili kwa binti mmoja, na mbuzi aliyerudishwa kwa miguu yake mwenyewe. Nikaketi. Nikauliza maswali. Alipofika katikati, makaa ya kwenye chepe yakawa yamefifia, kwa hiyo akayamimina kwangu na akachukua mengine, huku bado anaongea, na mimi nikimsaidia kuchagua. Alipomaliza ya mbuzi tukaingia ya yule jirani aliyepaka nyumba yake rangi ya zambarau.

Alipoondoka nilibaki natabasamu peke yangu kwa muda. Halafu nikatazama babula. Kulikuwa na majivu, na katikati ya majivu makaa mawili yaliyokuwa yanafumba macho.

Kipimajoto kilikuwa kimeshuka mbali sana chini ya alama. Nilitia mkono ndani ya sufuria. Maji yalikuwa vuguvugu, kama ya kuogeshea mtoto mchanga. Chupa ilikuwa imepoa, na lile tope lilikuwa limetua chini, limetulia kabisa. Nikaona wamekufa wote. Niliona kama niliacha mlango wazi na familia nzima imekufa kwa baridi.

Mezani kwangu kulikuwa na simu saba, na nne kati yake zilikuwa zimeshapona. Sikushika hata moja.

Ninachoandika sasa nimekiandika na kukifuta mara kadhaa, nikitafuta namna ya kukisema ambayo ingenionea huruma. Haipatikani. Niliibeba chupa mpaka nyuma ya nyumba, nikaimwaga kwenye mfereji. Nikaisuuza. Nikawasha babula upya, nikachemsha maji, na nikakamua ndimu.

Nichekwe tu: katika maisha yangu sijawahi kufanya kazi ya maabara kwa uangalifu kama ule. Ndimu ya kwanza, kikaratasi kikatoka cha njano. Ya pili, rangi ya chungwa. Ya tatu, karibu. Nikaongeza nusu, na wekundu ukawa ule ule wa kwenye kiboksi, hata nikajisifu. Tope nikachota chini ya mgomba, nikalichuja kwa kitambaa ili liwe jepesi. Harufu ndiyo iliyonisumbua. Nikachemsha yai mpaka likawa na ukingo wa kijani, nikatumia maji yake, na nikazamisha humo vichwa vya njiti za kiberiti. Haikuwa harufu ileile, lakini ilikuwa mbaya vya kutosha. Yai nikalila.

Mpaka Jumatatu asubuhi nililinda maji ya ndimu, na joto halikushuka hata mara moja.

“Tonton, uliilinda muzuri?” aliniuliza alipokuja.

“Sikupepesa,” nikasema.

Akatoa kwenye mkoba wake mfuko wa mchele wa bonde, zawadi aliyoninunulia Luvungi. Tuliula ule mchele siku tatu. Mke wangu alisema una harufu nzuri. Mimi nilisema ndiyo.

Wiki ya kwanza nilijiambia kwamba sayansi ina mambo mengi, huenda hata ndimu ina vijidudu vyake, huenda atapata chochote akafurahi. Wiki ya pili akaja na picha kwenye simu. Alinieleza kwamba analivunja tope, anachukua DNA, halafu mashine inapasha moto na kupooza, kupasha na kupooza, ikinakili kile kipande anachotafuta mpaka kionekane kwa macho. Nacho kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kilitoka kwa kiumbe wa maji ya moto, maana kingekuwa cha kwetu kingeiva. Kwenye picha, mstari wa kipimo uling'aa kama ngazi. Upande wa sampuli yake ulikuwa giza.

“Labda mashine,” nilisema.

“Nilirudia mara tatu, tonton.”

“Labda umeme.”

“Tonton, wewe uko naniombea sababu kama avoka wa mahakamani.”

Alipanda mpaka Lwiro, kwenye kituo cha utafiti, kuomba kutazama kwa darubini nyingine. Aliporudi alikuwa amekonda machoni. Hakuona seli, alisema. Aliona nyuzinyuzi, na vifuko virefu vya njano asivyovielewa. Alinichorea kimoja kwenye bahasha. Kilikuwa kipande cha nyama ya ndimu, amekichora vizuri sana, na mimi nikakitazama na kutikisa kichwa kama mtu anayefikiri.

Kosa alijitwika mwenyewe. Alichota vibaya, alisema. Alichota pembeni mno. Mkubwa wake wa memwari, profesa aliyemsimamia, naye alimwambia muda umekwisha, aandike alichokipata. Basi Alhamisi moja alikuja na ukurasa wa mwisho, kwa Kifaransa, akaniomba niusome kwa sababu zamani nilijulikana kwa tahajia. Ulisema kwamba katika kidimbwi kile hakuna arkea.

Sentensi moja, imenyooka. Na mimi, sijui ni kitu gani kilichoushika mkono wangu, nilichukua kalamu nikamwongezea koma.

“Asante, tonton,” alisema, akavaa viatu, akatoka.

Niliketi na ile kalamu. Nilifikiri kwamba sasa mtu mwingine, mahali fulani, atasoma kwamba pale hakuna kitu, kama wale watu wa kule wasemavyo, na hatakwenda kutazama. Kila siku arkea walikuwa mule wakitokota na kuzaa na kusukuma ukali nje, na mimi nilikuwa nimewafuta kwa matunda ya sokoni. Naye angekaa miaka yote akijiita mtu asiyejua kuchota maji.

Nilitoka mbio. Niseme tena, kwa ajili ya wanaonijua: nilitoka mbio, na sandali za nyumbani, nikishuka mteremko wa Kasha, mama mmoja akauliza kama kuna moto. Nilimkuta barabarani anangoja pikipiki.

“Usiipeleke,” nikasema.

“Kuna kosa ingine?”

“Kuna.” Pumzi ilikuwa haitoshi. “Ile siku ya Jumapili, maman wa nyumba ya chini alikuja akachukua moto yote.”

Angalia nilivyoanza. Hata hapo, nimekimbia na sandali, nilianza na jirani.

Akanitazama. “Alichukua, ao ulimupa?”

“Nilimupa.”

“Ikapoa?”

“Ikapoa.”

“Na maji yangu iko wapi?”

“Kwa mufereji.”

Pikipiki ilisimama. Akaipungia mkono iende. “Na ile nilipeleka labo?”

“Ndimu.”

Nilidhani atalia, na ningependelea alie.

“Ngapi?” aliuliza.

“Tatu. Na nusu.”

“Na tope?”

“Chini ya mugomba.”

“Ile bintu ya njano,” alisema polepole. “Nililala siku mbili nikiwaza ile bintu ya njano. Niliipatia jina.”

Tulisimama pale. Watu walipita, wengine wakanisalimu kwa mshangao wa kuniona nje. Mwishowe akasema, akitazama upande mwingine, kwamba baridi ya saa moja haiwaui. Inawalaza tu. Wanasimama, wanangoja. Ile ya protini ingeharibika, ndiyo, lakini angewarudisha kwenye joto lao siku kadhaa na wangeamka, angewaona, angewahesabu, angepata DNA yao, na memwari ingesimama kwa mguu mmoja.

“Ungenipigia tu,” alisema. “Ungesema, imepoa. Maneno moja tu.”

Nilikuwa nimewaua kwa kuwamwaga. Moto wala maman wa chini hawakuua chochote. Ni ule muda mfupi kati ya kutia mkono ndani ya sufuria na kubeba chupa nyuma ya nyumba. Sijapata bado kitu cha kuufunika.

Akachana ukurasa. Akaenda kwa mkubwa wake, na sikuuliza alimweleza nini. Alirudi amepewa wiki mbili. Jumamosi iliyofuata tulishuka wote wawili kwenda Luvungi, kwa sababu nilisema nitabeba termosi, na kwa sababu alisema ndiyo. Kwenye zile kona za kushuka bondeni nilitapika ndani ya kofia yangu. Yeye alinishikia chupa za maji na kusema kwa utulivu, “Pole, tonton. Ulitolewa kwa joto yako.” Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya mzaha tangu ile barabara. Niliyashukuru na kofia yangu mkononi.

Kidimbwi nilikiona. Hakijai hata karai la kufulia. Kinatokota kama uji, na ukingo wake hauna nyasi. Nilisimama hapo nikaona haya mbele ya matope. Alichota katikati, kwa kijiti kirefu.

Jumapili tukarudi Kasha, na maabara kama kawaida imefungwa mpaka Jumatatu. Nilisafisha babula. Niliweka sufuria. Naye akapita mbele ya mlango wangu na termosi yake bila kusimama, akashuka ngazi za udongo, akaingia kwa maman wa nyumba ya chini. Kupitia dirishani nilimwona akimwonyesha alama ya rangi ya kucha. Maman alitikisa kichwa mara moja tu. Hakuuliza swali.

Mchana babula yangu ilizimika. Sikuwa na kitu cha kulinda, nikasinzia. Mke wangu alikuwa ameacha maharage ya kuchemshwa, na kiberiti hakikuwepo: nadhani msomaji anakumbuka kilikokwenda kile cha mwisho, na mimi si mtu wa kwenda dukani. Nikachukua chepe nikashuka.

“Maman, unisaidie moto.”

Alikuwa ameketi kando ya jiko lake, sufuria juu, mikate ya kukaanga hakuna siku hiyo. Alinitazama mimi, halafu chepe. Najua kwamba alikuwa ameshaambiwa yote, hata namna nilivyoanza na yeye kule barabarani.

Kwanza akainama akasoma kipimajoto. Halafu akatia makala mapya pembeni ya moto, akangoja yashike, akasoma tena. Ndipo akachukua makaa mawili ya ukingoni, akaniwekea kwenye chepe.

“Njo vile tu, papa,” alisema.

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka hata kumuuliza habari za mukubwa wa koro, maana nilikuwa nimesikia kwamba mbuzi alirudi tena. Nikafungua mdomo.

“Enda,” alisema. “Itazimika.”

Nikapanda ngazi haraka na makaa yangu mawili, nikiyakinga upepo kwa kiganja.